Tumbo la Meli ya Bati

Gisenyi, masika yakiisha

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimeitamka kwa sauti hapa mezani kabla ya kuiandika, na Shangazi Vene akainua kichwa kutoka kwenye dagaa anaowachambua, akauliza namwamkia nani. Nikamjibu, Baba. Akasema, "Papa yako iko Kigoma, hawezi kukusikia." Akaendelea kuchambua. Mimi nimeona niitamke hivyo hivyo, na ya Mama pia.

Kifua chako kinaendeleaje? Barua iliyopita ilisema kikohozi kimekwisha, lakini mwandiko ulikuwa wa mdogo wangu Deo, na Deo huandika anachotaka kiwe. Tafadhali usiingie ndani ya matangi kuchomea bila kitambaa puani. Na mguu wa Mama, je, bado unavimba akisimama sana sokoni? Mimi ni mzima. Nimechoka tu, uchovu ambao hata nikiamka asubuhi naukuta umeamka kabla yangu.

Hali ya huku mnaisikia redioni, nami sitaiongeza. Shule ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, na sasa imefunguliwa. Tunakwenda kule Nyundo kwa miguu, kwa makundi, wakubwa mbele na nyuma, wadogo katikati, na tukipita kwenye mashamba ya mahindi hakuna anayezungumza. Siku mpaka wa Goma ukiwa wazi, kabla ya shule tunabeba beseni la dagaa mimi na Shangazi, kila mmoja na mshikio wake, hadi kwenye kizuizi. Ukiwa umefungwa tunalirudisha, na siku hiyo tunakula dagaa. Nikitoka shule kuna maji ya kuteka na maharage ya kuchagua. Zipo siku nimelala na sare mwilini, na Shangazi hakunigombeza, akanifunika tu.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo moja, ambalo Shangazi amesema haliwezi kuamuliwa katika nyumba hii bila wewe. Naomba ulisome lote kabla ya kusema ndiyo au hapana.

Mwaka huu namaliza miaka mitatu ya kwanza ya sekondari, na kila mwanafunzi anapangiwa mkondo wake. Wasichana karibu wote wameandikwa ukatibu au uuguzi. Mimi nimeomba ufundi wa mitambo. Najua ulichoniambia stesheni, siku ya kuja huku kusoma, uliponipa ule mfuko wenye chuma cha kulehemu, mkasi wa bati na tupa: kwamba ni vya kuzibia sufuria na taa za nyumbani, basi. Nimeziba sufuria za mtaa mzima, Baba. Lakini nataka zaidi ya sufuria.

Mwalimu Sabini, anayetufundisha fizikia, alitusimamisha sisi tuliotaka ufundi, wavulana wengi na mimi, akasema: "Maneno yenu nimeyasikia. Kila mmoja aniletee kitu alichokitengeneza mwenyewe tangu bati likiwa bati. Wala sitaki pambo. Kama ni redio, ilie. Kama ni gari, litembee." Mvulana mmoja akadakia, "Na kama ni ugali, uive!" Wote wakacheka wakinitazama mimi. Nikasema, "Ya kwangu ni meli. Itaelea." Lilinitoka kabla sijalifikiria.

Nilichagua Liemba, meli ya ziwa letu. Ningechagua nini kingine? Lakini sikutaka kuitengeneza kama ilivyo leo, na vitenge vikining'inia na magunia ya mchele. Nilitaka ile ya wakati wa vita, ilipokuwa ya Wajerumani, na mzinga wake mbele. Katika kitabu cha historia cha shule kuna picha yake ndogo, ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, na mengine yote nilikuwa nayo kichwani, kutoka kwako na kutoka kwa Mzee Ramadhani alipokuwa akitusimulia barazani: jinsi ilivyokuja ndani ya masanduku, vipande vipande, ikaungwa ribiti kwa ribiti pale Kigoma. Nikaona, kama wao waliiunga kutoka kwenye masanduku, mimi nitaiunga kutoka kwenye makopo ya mafuta ya msaada. Sentimita moja kwa kila mita moja ya meli. Ni ndefu kuliko mkono wangu.

Bati la makopo yale ni zuri, halina kutu, ila lina maandishi, nikayageuza ndani. Bomba la moshi ni ganda la betri ya redio. Mlingoti ni spoku ya baiskeli. Vyuma vya ukingo wa sitaha ni njiti za mwavuli wa Shangazi, ule uliovunjika, ingawa yeye anasema haukuwa umevunjika kiasi hicho. Mzinga niliukata kutoka kwenye bomba la shaba la jiko la pampu lililokufa, mzito mkononi, nikaung'arisha kwa majivu. Nilikuwa nalehemu jioni kabla giza halijaingia, chuma kikiwa ndani ya mkaa uleule unaopikia maharage, na maharage mara mbili yaliungua.

Meli ilipendeza, Baba. Nasema kweli. Majirani walikuja kuitazama. Mama mmoja jirani aliyewahi kuishi Kigoma aliishika kwenye ukingo akasema, "Hapa njo nilikuwa nasimama kutapika." Kila mtu aliitambua.

Nikaiweka ndani ya beseni la kufulia, ikalala ubavu. Nikaisimamisha, ikalala ubavu wa pili.

"Ni hii njo meli ya Wajerumani?" Shangazi akauliza. "Mbona iko mulevi?"

Nikafikiri inahitaji uzito. Nikaenda ufukweni, nikarudi na mawe meusi, nikaijaza. Mimi ni mtoto wa Kigoma. Kwetu jiwe ni jiwe. Mawe ya huku yametoka volkano, yana matundu kama mkate, na hayana uzito wa sura yake. Niliijaza mpaka kwenye sitaha na bado ikalala, sasa imelala na mawe yake. Shangazi alicheka hadi akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu nifike hapa, kwa hiyo sikukasirika sana.

Nilikaa nikiitazama pale ndani ya beseni, na hapo ndipo nikaona nilichokifanya. Nilikuwa nimejenga meli hadi pale maji yanapoanza, kisha nikaishia hapo na kuziba kwa bati bapa. Kwa nini? Kwa sababu ndivyo ninavyoijua. Miaka yote ile nimesimama gatini, naijua mpaka sehemu rangi ilipobabuka, lakini kila nilipoiona ilikuwa majini. Picha ya kitabuni nayo ni hivyo hivyo. Mama aliyetapikia ukingo wake naye ni hivyo hivyo. Sisi wote tunaijua Liemba, na hakuna kati yetu aliyewahi kuona tumbo lake.

Isipokuwa wewe. Nilikumbuka siku uliyorudi nyumbani umejaa grisi mpaka kwenye kope, ukamwambia Mama kwamba umeshinda chini kabisa, ndani ya meli, mahali mtu hawezi kusimama. Ulisema, "Kule hakuna sakafu. Ukiweka nyundo inateleza yenyewe hadi katikati, nawe ukikaa unaifuata." Tena ukasema pana vyuma vizito vimelazwa huko, farumi, havizunguki wala havisukumi chochote, kazi yao ni kukaa tu ili meli isipinduke. Mama akasema kazi kama hiyo angeipenda yeye. Mimi nilikuwa nakuna nazi, nikadhani mnataniana.

Basi nikaifungua meli yangu chini. Kufungua kulinichosha kuliko kujenga, maana lehemu ikiyeyuka huku inavuja kule. Nililigonga bati jipya juu ya mchi wa kinu mpaka likapinda kama bakuli, nikaweka msumari juu yake, ukateleza wenyewe hadi katikati. Nikajua ndilo. Chini kabisa nikalaza vipande vya nondo, nikavifunga visicheze. Nikaiweka majini. Baba, ilikaa. Nikaisukuma kwa kidole, ikainama, ikarudi.

Shangazi aliisukuma mwenyewe, mara moja, kisha akaenda kuwasha moto.

Siku ya kuipeleka shuleni niliifunga ndani ya kitenge nikaibeba kichwani. Jeanine, rafiki yangu wa darasani, alitembea nyuma yangu akishika upande wa bomba la moshi. Kwenye kizuizi cha barabarani, askari mwenye kofia ya sufu akatusimamisha.

"Iko nini mule ndani?"

"Ni meli, Afande."

"Meli?" Akamwita mwenzake. "Kuya uone, huyu iko na meli juu ya kichwa! Ziwa iko pale chini, mama, umelipita."

Wakacheka, hata sisi tukacheka kidogo. Akafungua kitenge. Alipouona mzinga, kicheko kikaisha.

"Na hii?"

"Ni mzinga, Afande. Ni meli ya vita, ya zamani sana. Ya shule."

"We unatoka wapi na hicho Kiswahili cha redio?"

"Kigoma."

"Na meli yenyewe? Ilikufa?"

"Hapana, Afande. Ipo. Inabeba abiria, na siku hizi inarudisha wakimbizi kwao."

"Na muzinga wake bado iko?"

"Ulitolewa zamani."

"Bon," akasema, akanyoosha mkono. "Toa na huu."

Sababu nilikuwa nimeshampa mwenyewe. Jeanine akaninong'oneza, "Mupe, twende. Domitila, mupe." Nikauzungusha mzinga mpaka lehemu ikakatika, nikamwekea kiganjani. Hakuwa mkali. Aliutazama, akautia mfukoni, akasema niupitie jioni. Jioni walikuwepo askari wengine, na hakuna aliyejua habari za mzinga.

Shuleni kuna tangi la saruji la kufulia, na vitu vyetu vilipangwa pale. Redio ya yule mvulana wa ugali ililia kweli, ingawa ililia kituo kimoja tu, cha mahubiri. Zamu yangu ilikuwa karibu na mwisho. Nikaijaribu pembeni kwanza. Haikulala ubavu, lakini mbele ilikuwa imenyanyuka. Ule mzinga wa shaba ulikuwa mzito, nami nilikuwa nimeisawazisha meli ukiwa mahali pake.

"Inaangalia mbinguni kama kuku ikinywa maji," Jeanine akasema.

Nilitaka kukaa chini, Baba. Nilikuwa nimeamka na beseni la dagaa, nimetembea njia yote ile na bati kichwani, mkono una jeraha la mkasi, na sasa meli ya vita haina silaha na inatazama mbinguni. Nilifikiri, basi, ukatibu ni kazi ya kukaa kwenye kiti.

Kisha nikamsikia Mzee Ramadhani, kama yuko barazani kwetu na kikombe chake. Unakumbuka mwisho wa hadithi yake? Kwamba Wajerumani walipoona vita vimewaelemea, waliung'oa mzinga wa meli wakaupeleka kupigana nchi kavu, na mahali pake wakaweka gogo lililopakwa rangi, ili adui akitazama kwa mbali aogope. Nikamwambia Jeanine anipe penseli yake. Alikuwa na kipande kifupi, alikuwa akikibania sana, akanipa. Nikakichonga kwa mkasi wa bati niliokuja nao, nikakisugua mkaa wa jikoni kwa masista wa shule, nikakisimika. Penseli ni nyepesi, kwa hiyo nikachukua vijiwe vya matundu pale uani, vile vile vilivyofanya nichekwe, nikavitia mbele, chini ya sitaha, kimoja kimoja mpaka meli ikashusha kichwa. Jiwe zito lingeizamisha pua. Haya yalitosha.

Mwalimu Sabini akaja na Mkuu wa shule. Akainama.

"Domitila, mzinga wako ni penseli."

"Ndiyo, Mwalimu. Mwishoni ulikuwa mti."

Nikaeleza. Mkuu wa shule akauliza nani amenifundisha. Nikasema, mzee aliyewahi kulisha kuni mashine za Liemba, aliyesimuliwa na watu waliokuwepo. Na tumbo? Tumbo, nikasema, ni la baba yangu. Yeye ameliona kwa ndani.

Wakataka nieleze mwisho wa meli yenyewe, nami nikaeleza kama tulivyoelezwa: kwamba walipotakiwa kuizamisha adui asiipate, mafundi wake hawakuivunja mashine. Waliipaka mafuta, kila chuma, kwa subira, halafu ndipo wakaizamisha. Ikakaa chini ya ziwa miaka. Walipokuja kuinyanyua, ilifaa.

Mwalimu Sabini alikunja mkono wa shati, akaisukuma meli kwa nguvu mpaka maji yakaingia sitahani. Mimi nilifumba macho. Nikasikia maji yakigonga saruji, halafu sauti yake: "Inarudi."

Baba, nafasi wamenipa. Msichana ni mimi peke yangu. Shule ya ufundi iko mbali na hapa, ni ya bweni. Mkuu wa shule atalishikilia jina langu hadi tutakapofunga kwa likizo, na anataka neno la mzazi kwa maandishi.

Nilipomwambia Shangazi, alikuwa amekaa mlangoni akijikanda miguu. Akasema, "Muzuri." Akakanda mguu wa pili, kisha akasema, "Mi nilipewa mutoto wa kusoma, hapana fundi wa kuchoma vyuma. Nitamuambia nini kaka yangu? Kwamba nilimurudishia mutoto mwenye mikono ya mwanaume?"

Nikamwambia wewe, Baba, hukunipa vile vifaa bure.

"Aandike yeye. Na mukono yake, si ule wa Deo." Kisha, bila kunitazama: "Na beseni? Ukienda, nani atashika upande wa pili?"

Hilo, Baba, sina jibu lake, na sitaki ufikiri kwamba silioni. Mume wake, tangu abaki upande wa Goma, hajaleta habari. Shangazi hanung'uniki, lakini mabega yake yamekwenda upande mmoja, upande wa mshikio wake. Nikibaki, nitasoma ukatibu hapa hapa mjini na beseni litakuwa na watu wawili. Nikienda, nitaona ndani ya mashine, kitu ninachokitamani tangu siku ya ile nyundo iliyoteleza. Nimejaribu kuchagua peke yangu nimeshindwa. Pengine Deo, akimaliza darasa la saba, angeweza kuja kukaa naye? Nauliza tu. Ukiona haifai, sema haifai, nami nitashika mshikio wangu bila kununa.

Barua hii inabebwa na mama mmoja anayekwenda Kigali. Atampa dereva wa lori la Isaka, na kutoka hapo ipande treni. Jibu lako litapita njia hiyo hiyo, kwa hiyo usichelewe kuliandika.

Mwamkie Mama, umwambie yale maharage yaliyoungua yalikuwa machache. Mwamkie Mzee Ramadhani, umwambie gogo lake limeniokoa, na kwamba walimu wa Nyundo sasa wanalijua jina lake. Msalimie Bibi jirani muuza mchicha, na bwana stesheni aliyenipa kiti cha dirishani. Deo mwambie asikuandikie barua.

La mwisho. Shangazi amefunga mizigo miwili mlangoni, kama majirani wote, kwa ajili ya siku tutakayoambiwa tuondoke. Meli ni ndefu, haitabebeka, na vifaa vyako ni vizito. Kwa hiyo jana, jua likiwa bado lipo, nilivipaka mafuta vyote vitatu, chuma cha kulehemu, mkasi na tupa, mpaka kwenye meno ya tupa, nikavifunga kwa nailoni, nikavilaza tumboni mwa meli juu ya zile nondo, nikaifunika sitaha na kuisukuma chini ya kitanda. Shangazi alikuwa ananitazama. Mafuta yenyewe ni yake, ya kujipaka miguu, alinipa bila kuuliza.

Ukisema hapana, vitakaa. Ukisema ndiyo, hata kama ndiyo yako itachelewa njiani, havitakuwa na kutu.

Ni mimi binti yako,

Domitila